Baba Anaulizwa, Mimi Niko Nje

Nina kipaji kimoja ambacho chuo kikuu hakikukiandika kwenye cheti changu: naweza kumjibia mtu swali kabla hajamaliza kuulizwa. Ndugu zangu wanasimulia kwamba nikiwa darasa la pili mama alimuuliza mgeni kama ameshiba, nikasema ameshiba. Mgeni ndiyo kwanza alikuwa ananawa mikono.

Sasa nimefika umri wa kutafuta miwani huku nimeivaa, na kipaji hakijapungua. Naishi Bondeni, mjini Kyela. Naandika makala ambazo watu wachache huzisoma na wengi huniambia wamezisoma, na katikati ya makala hutafsiri vipeperushi na miongozo ya watu wengine. Ndivyo ulivyoniangukia mwongozo wa kuwalinda watoto, na watu wazima wasioweza kujitetea, wanapofika kutibiwa.

Ulikuwa mwongozo mzuri na sitaki kuucheka. Ulichukua yaliyomo kwenye Sheria ya Mtoto na sheria ya watu wenye ulemavu, ukayashusha mpaka mlangoni mwa chumba cha daktari. Kwamba mtoto hapimwi chumbani peke yake na mtumishi mmoja, mlango umefungwa. Kwamba nesi akiona alama za kipigo mwilini mwa mtoto hana hiari ya kunyamaza kwa sababu baba wa mtoto ni jirani yake; anampasha habari afisa ustawi wa jamii. Na kwamba mzee asiyeona, au asiyesikia vizuri, bado ndiye mwenye mwili wake. Sura iliyosema hayo ya mwisho niliipa kichwa “Muulize Mwenyewe”, nikaisoma kwa sauti mara tatu, nikajipongeza.

Walioniajiri walifurahi, wakanialika niwaeleze mambo hayo watumishi wa kituo kimoja cha afya hapa mjini, nusu siku, na chai na vitumbua. Nilivaa kitenge changu cha semina. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikagawa watu katika vikundi, nikasema “kimsingi” mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa kiafya.

Kwenye kiti cha mbele alikaa sista mmoja, muuguzi wa siku nyingi. Ameniruhusu niseme kwamba anakaribia kustaafu, mradi niseme pia kwamba haonekani hivyo. Akanyoosha mkono.

“Mwezeshaji. Yule mzee anayeletwa na mwanawe. Tukimuuliza mzee unaumwa wapi, mwana anajibu, ‘Mgongo.’ Huyo tunamfanyaje?”

“Huyo mwana mnamtoa nje, kwa upole.”

“Akigoma?”

“Mnamtoa tena.”

“Kwa upole?”

“Kwa upole uleule.”

“Na akiwa msomi?”

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka kuliko wote. “Msomi naye ana miguu,” nikasema. “Atatoka kama wengine.”

Sista akaandika. Nilimwona kabisa akiandika.

Baba yangu anaishi Katumba Songwe, karibu na mto kiasi kwamba akipiga chafya ndugu zetu wa Malawi, ng’ambo, wanampa pole. Ana mpunga, migomba na kakao, na katika vyote vitatu hakuna anachokipenda kama kakao. Anaichachusha mwenyewe chini ya majani ya mgomba, anaianika mwenyewe, na anaichambua mwenyewe, punje kwa punje, kwa sababu haamini macho ya mtu mwingine. Kisha macho yake mwenyewe yakaanza kumsaliti. Ukungu uliingia taratibu na yeye akaufunika kwa ujanja. Punje alizichambua kwa vidole na kwa pua. Wingu la mvua hakuliona, basi akawa anaanua kakao kila jirani alipoanua, na jirani alipogundua akawa anaanua kwa makusudi jua likiwaka. Tulijua mambo yameharibika siku alipousalimia mgomba, “Mugonile,” akakasirika siku nzima kwa kuwa haukuitika.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limekomaa zaidi. Baada ya semina yangu si muda, tukasikia kambi ya macho inakuja kwenye kituo kilekile cha afya. Siku tatu, kisha madaktari wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini. Baba alisikia habari hizo akaoga, akanyoa ndevu, akanipigia simu kwa namba aliyoikariri.

“Nataka nione kakao yangu,” akasema. Hakusema zaidi.

Sasa, kituoni pale kulikuwa na mtu wetu. Wifi yangu, mke wa mtoto wa baba mdogo, ndiye muuguzi wa macho. Mtu wetu, kwenye foleni ya kambi ya macho. Nilimpigia palepale.

“Wifi, nakuletea baba siku ya pili. Umshughulikie wewe mwenyewe, kuanzia mwanzo mpaka kufungua bandeji.”

“Sawa wifi, lakini umefikiria—”

“Nimefikiria kila kitu,” nikasema, nikakata simu kabla salio halijaisha.

Msomaji wa kutoka kwetu ameshashika kichwa. Kwa wengine nieleze. Kwa sisi Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Mjini na makanisani jambo hili limelegea, lakini kwa watu wa umri wa baba halijalegea hata kidogo. Mkwe akiona baba mkwe anakuja, anachepuka njia, anaingia migombani, anajitanda kanga na kugeuka mpaka apite. Ni heshima, na heshima yenyewe inatoka pande zote mbili. Na mke wa mtoto wa ndugu yako ni mkwe wako vilevile. Wifi yangu alikuwa ameolewa kwetu miaka mingi. Katika misiba na harusi zote hizo yeye na baba hawakuwahi kutazamana hata mara moja, na walilifanya jambo hilo kwa ustadi mkubwa mpaka mimi, niliyekuwapo kote, sikuona kitu.

Na niseme yote: nikiwa chuoni niliandika kurasa kumi na mbili juu ya desturi hii. Nilipata alama nzuri.

Siku ya pili ya kambi tulifika kwa bajaji asubuhi. Baba alivaa koti la kanisani. Alipimwa, akaambiwa anafaa, jicho la kulia leo na la kushoto safari nyingine. Akashukuru, “Ndaga fijo,” akakaa kwenye benchi la wazee amenyooka kama bwana harusi. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka kidogo. Wifi hakutoka; alisimama nyuma ya ubao wa mlango akatangaza utaratibu kwa wote. Nilidhani ana haraka.

“Wazee wangu, msiwe na wasiwasi,” sauti yake ikasema. “Hamtasikia maumivu. Kesho asubuhi nitafungua bandeji kwa mikono yangu, na uso wa kwanza mtakaouona utakuwa huu wangu. Kwa hiyo nimejipaka mafuta.”

Benchi zima likacheka. Baba hakucheka. Aligeuka taratibu mpaka akawa ametazama ukuta.

“Twende nyumbani,” akaniambia.

“Baba, bado kidogo tu.”

“Sifanyiwi. Twende.”

Nikambembeleza. Nikamkumbusha kakao. Nikamkumbusha mgomba aliousalimia, jambo ambalo halikusaidia. Alikuwa anatazama ukuta kama mtu anayesoma tangazo. Daktari, kijana mgeni aliyekuwa na majina mengi ya kumaliza, akatoka na karatasi.

“Mzee kapatwa na nini?”

“Anaogopa kisu,” nikajibu.

“Mzee, ni kweli unaogopa?”

“Anaogopa sana,” nikasema. “Tangu zamani. Hata sindano.”

Baba, ambaye aliwahi kushonwa paja bila ganzi baada ya panga kuteleza, alikohoa.

“Na presha?”

“Presha anayo ya woga tu.”

“Basi nitaandika amekataa kwa hofu,” daktari akasema. “Simlazimishi mtu. Nafasi yake nimpe wa kumi na tisa.” Akageuza kalamu.

Nilikuwa tayari nimeinamia karatasi kumwonyesha pa kuandika. Nilikuwa namsaidia daktari kumwondoa baba yangu kwenye orodha. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti iliyozoea kupanga foleni.

“Mwezeshaji.”

Sista alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Sista, afadhali umekuja, mweleze daktari kwamba baba—”

“Mwezeshaji, toka nje.”

“Mimi?”

“Wewe. Kwa upole.”

“Lakini mimi ndiye ninayemjua. Hasikii vizuri, na Kiswahili cha daktari—”

“Mimi ni wa hapahapa, Kinyakyusa ninacho cha kutosha. Na anasikia vizuri, amesikia mpaka uliposema anaogopa sindano.” Akanishika kiwiko. “Una miguu, sivyo?”

Nilitoka. Sista akamwambia daktari asubiri dakika tano kabla ya kuandika, akafunga pazia, akabaki na baba.

Nje, kwenye baraza, kulikuwa na benchi la waliotolewa. Sikulijua benchi hilo siku ya semina; nadhani lilianzishwa baadaye, kutokana na mafundisho yangu. Pale alikaa mwanamume mwenye bakuli la uji lililofunikwa, na dada mmoja mfanyabiashara aliyevuka mto na mama yake.

“Na wewe umejibu?” dada akaniuliza.

“Kidogo.”

“Mimi nilisema mama ana miaka themanini. Mama akasema sabini na nne. Nikatolewa.” Alisogea nikae. “Kuna mtu alikuja kuwafundisha hizo mambo, mpaka wamekuwa wakali.”

“Nimesikia,” nikasema.

Dakika tano ni ndefu ukiwa na jibu na huna wa kumpa. Nilihesabu vigae vya baraza. Niliwaza nimzungumzie nini daktari, nimpigie nani, kumbe kila nilichowaza kilikuwa sentensi inayoanza na “Baba anataka.” Ilinijia, na haikuwa raha, kwamba katika sentensi zote hizo sikujua mwisho wake. Sikujua baba anataka nini. Nilijua anaishi wapi, anakula nini, anachukia sabuni gani. Lakini kama ningelazimishwa kujaza ile fomu kwa ukweli, pale penye “sababu ya kukataa” ningeacha wazi.

Pazia likafunguliwa. Sista akatoka ana uso wa mtu anayebana kicheko kwa nguvu za kitaaluma.

“Amekubali,” akasema. “Ana sharti moja, na tumelimaliza. Anaingia baada ya mgonjwa aliye ndani.”

“Sharti gani?”

“Hilo ni siri ya mgonjwa.”

“Sista, mimi ni mwanawe.”

“Sura ya nne,” akasema. “Muulize mwenyewe.”

Nikaingia. Baba alikuwa ameuacha ukuta, amekaa tena kama bwana harusi. Nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilifunga mdomo mpaka akamaliza.

“Mimi siogopi kisu,” akaanza. “Hilo uliondoe popote ulipoliweka.”

“Ndiyo, baba.”

“Huku kutoona kwangu hakujamvunjia mtu heshima. Mkwe wangu akipita, mimi kwangu kunapita ukungu. Tunaishi salama. Sasa mnanifumbua macho, jambo zuri, nashukuru. Lakini wa kwanza kumwona awe yeye? Anisimamie hapa, puani, na mimi nimefumbua?” Akatikisa kichwa. “Ningemtazama wapi? Na yeye, maskini, kazi yake ni macho, angetazama wapi?”

Nilitaka kusema jambo. Nilikuwa na kurasa kumi na mbili za kusema.

“Nilipoisikia sauti yake nilidhani ni wewe uliyempanga,” akaendelea, “nikasema labda mjini sasa ndivyo. Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Lakini yule sista kaniuliza tu, ‘Tata, wewe unatakaje?’ Nikamwambia. Akasema bandeji atafungua yeye. Basi. Limechukua muda gani? Hata uji haujapoa.”

Na wifi? Sista alipomfuata nyuma ya mlango kumweleza, alikuta ameshabadilishana zamu ya meza ya upasuaji na mwenzake tangu asubuhi. Alikuwa na mpango wake tangu siku ile ya simu, tangu neno “umefikiria” nililolikata. Alichosahau ni kwamba yale maneno ya mafuta usoni huwatangazia wagonjwa wote, kila kambi, na baba naye alikuwa miongoni mwa wagonjwa wote.

Alifanyiwa mchana. Alitoka na bandeji kubwa nyeupe na majivuno.

Kesho yake sista alifungua bandeji mbele yangu, nikiwa nimekatazwa kusema chochote. Baba alipepesa. Akamtazama sista kwa muda mrefu.

“Ndaga fijo,” akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. Akanitazama toka kwenye nywele mpaka kwenye viatu. “Umezeeka,” akasema, kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwenye neno hilo.

Sista hakukaa. Aliitwa wodi ya wazazi, mtoto alikuwa njiani. Yalibaki maelezo ya dawa, na maelezo ya dawa ni kazi ya muuguzi wa macho. Basi likavutwa pazia katikati ya chumba. Wifi akasimama upande wa pili, baba upande huu, na mimi nikawekwa kwenye ukingo wa pazia, kwa sababu wawili hao hawasemeshani moja kwa moja. Wagonjwa wengine na jamaa zao wakatulia kwenye vitanda kusikiliza, kama watu waliosubiri hilo tangu jana.

“Wifi,” pazia likasema, “mwambie mzee dawa ni tone moja, mara nne kwa siku.”

“Baba, dawa ni tone moja, mara nne kwa siku, yaani asubuhi ukiamka—”

“Hajasema asubuhi,” baba akasema.

“Sijasema asubuhi,” wifi akasema.

“Tone moja, mara nne,” nikasema.

“Muulize huwa analala upande gani.”

“Analala upande wa—” nikaanza. Hata yule dada wa ng’ambo ya mto alinitazama kwa huruma.

“Wifi.”

“Naam.”

“Nimesema muulize.”

“Baba, unaulizwa unalala upande gani.”

“Mwambie nalalia kulia tangu nizaliwe.”

“Mwambie ndiko lilikofanyiwa.”

“Mwambie nitajifunza kushoto.”

“Mwambie asiiname, asibebe mzigo, asipulize moto, mpaka tarehe ya kurudi.”

“Mwambie na kakao?”

“Mwambie kuiangalia aiangalie. Kuinama asiiname.”

“Mwambie kakao huangaliwa kwa kuinama.”

“Mwambie iwekwe mezani.”

Baba akafikiri. Kakao mezani. Nilimwona akiipanga kichwani, meza gani, itoke chumba gani.

“Mwambie yeye katoka ukoo mgumu,” akasema mwishowe.

“Mwambie na nilikoolewa hakukuwa laini.”

Chumba kizima kikapasuka, baba akacheka mpaka nikaogopa jicho. Nyuma ya pazia nako kulikuwa na mtu anacheka, anajizuia, anacheka tena. Mimi sikuwa na cha kupeleka upande wowote. Kicheko kilikuwa kinapita chenyewe.

Tukapanda bajaji. Njia nzima baba alikuwa anasoma dunia kwa jicho moja: bati jipya la nani, mpunga wa nani umeanza kugeuka, kibao cha duka kilichokosewa rangi. Hakuusalimia mgomba hata mmoja. Karibu na daraja akaacha kusoma. Nikadhani amechoka.

“Lile pazia,” akasema, “lilikuwa fupi.”

“Fupi vipi?”

“Chini. Nimeona viatu.”

“Baba.”

“Sikutazama. Viatu vilikuwa pale na mimi nilikuwa na jicho.” Akatazama mashamba kwa muda. “Vyeupe. Safi sana. Kazi nzuri anafanya, yule. Lakini kimoja kamba imelegea. Mwambie aifunge, anatembea sana, ataanguka.”

Nikapiga simu palepale.

“Wifi, baba anasema kamba ya kiatu chako kimoja imelegea. Uifunge, utaanguka.”

Kisha, kwa sauti ndogo, “Kipi?”

Cha kushoto. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa pazia, nilikiona kwa macho yangu mawili, na jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

“Ngoja,” nikasema, “nimuulize mwenyewe.”